Uzinduzi wa Ukurasa wa Damu

Usihangaike kuitafuta Mikogoni kwenye ramani, msomaji. Haipo. Na ukisoma haya ukajikuta unakumbuka ofisi fulani, benchi fulani, na karani fulani aliyekwambia urudi kesho, basi hayo ni mambo yako wewe na huyo karani. Mimi simo. Mimi nasimulia tu habari za nchi ambayo kwa bahati njema haipo, na raia wake ambao kwa bahati mbaya wapo.

Watu wa Mikogoni ni wastaarabu sana, nao wana desturi moja wanayoishika kuliko dini zao: kitu hakiwi kitu mpaka kizinduliwe. Daraja likijengwa likaisha halivukwi. Linafungwa utepe mwekundu, anawekwa askari wa kulinda utepe, na watu wanaendelea kuogelea chini yake mpaka mgeni rasmi apate nafasi. Soko la Makuti lilijengewa vyoo vya kisasa, milango kumi na miwili, maji yanatiririka, vigae mpaka darini. Vikakaa miaka mitatu na miezi miwili vikisubiri mgeni rasmi, na wachuuzi wakawa wanajisaidia nyuma ya hivyo hivyo vyoo. Hakuna aliyelalamika. Mwenye haraka huko huambiwa hakulelewa vizuri.

*

Sasa katika nchi hii alikuwepo mkunga mmoja ambaye hakulelewa vizuri. Jina lake Sista Tunu, wa Kituo cha Afya cha Bondeni, mwanamke mfupi mwenye mikono minene na sauti ya kuita mtu toka ng'ambo ya mto. Alikuwa amezalisha miaka ishirini na mitano. Katika miaka hiyo aliona wanawake kumi na mmoja wakifa kwa kuvuja damu baada ya kujifungua, na kila mara watu waliokuwepo kazini walitosha kabisa kumwokoa. Hilo ndilo lililomchoma. Wote walikuwepo! Muuguzi anamsubiri tabibu aamuru. Tabibu anasubiri majibu ya maabara. Mtu wa maabara anasubiri fomu. Mtunza dawa amekaa na funguo kiunoni anasubiri cheti. Na mama kitandani anawasubiri wote hao, mpaka mwenyewe anachoka kusubiri.

Alipokufa yule wa kumi na mmoja, binti wa miaka kumi na tisa, Tunu aliwaita wenzake watatu chumba cha kujifungulia: Tabibu Sefu, Leokadia wa maabara, na Kondo mtunza dawa. Walipoingia, akafunga mlango kwa ufunguo akautia ufunguo kifuani.

"Hatoki mtu humu mpaka tujue nani anafanya nini," alisema. "Mwenye njaa avumilie, mwenye haja ndogo beseni lile pale."

Walitoka baada ya saa tatu na ukurasa mmoja. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, waliandika: ATAKAYEFIKA KWANZA AANZE. Chini yake, kwa Kiswahili cha watu: mmoja akande tumbo la uzazi, asiache. Mwingine afungue kabati alete sindano ya kukaza kizazi, bila cheti. Wa tatu apime damu, bila fomu. Wa nne aweke dripu na kutafuta gari. Fomu na vyeti vijazwe baadaye, mama akiwa amekaa anakunywa uji.

"Sista," alisema Kondo, "siku nikifukuzwa kazi kwa kutoa dawa bila cheti, nitakuja kula kwako."

"Utakula. Na vyombo utaosha."

Wakaubandika ukutani. Miaka miwili ikapita, na Bondeni hakufa mama hata mmoja kwa kuvuja damu.

*

Serikali ya Mikogoni nayo haikuwa imelala. Ilikuwa imesikia kwamba katika nchi za watu, siku hizi daktari, muuguzi, mfamasia na mtu wa maabara wanafundishana, wanasoma kitu kimoja, wanamhudumia mgonjwa kama watu wanaosalimiana. Ikaona haya. Ikaunda Maktaba ya Pamoja ya Mtandaoni ya Kufundishana na Kutenda Kazi kwa Ushirikiano kwa Wataalamu wa Afya wa Kada Zote. Bango la jina hilo lilianzia mlango wa mbele wa jengo, likakunja kona, likamalizikia jikoni. Ukiuliza maktaba ya mtandaoni inataka jengo la nini, wewe si mwenyeji.

Mkurugenzi wake alikuwa Profesa Kitunzi, bwana mrefu wa suti yenye kizibao, mwenye shahada nyingi na woga wa kompyuta. Kila waraka ulioingia Maktaba aliamuru uchapwe, utobolewe, ufungwe kwenye faili, na faili lifungiwe kwenye kabati la chuma, ili maktaba ya mtandaoni isije ikaibwa na watu wa mtandaoni. Kisha akatoa Agizo Namba Tisa. Agizo lilisema hivi: mtumishi wa kada moja akitaka kumfundisha mtumishi wa kada nyingine jambo lolote, alipitishe Maktaba. Kufundishana kwa mdomo, kwa simu, au kwa karatasi iliyobandikwa ukutani kuliitwa usambazaji holela wa maarifa, na adhabu yake ilikuwa kufukuzwa kazi.

Tunu alilisoma agizo hilo mara mbili, akasonya mara moja. Akaubandua ukurasa ukutani, akaubandika ndani ya mlango wa kabati la mashuka. Halafu, maana alikuwa mtu wa kuamini kwamba kila jambo lina upande wake mzuri, akaupeleka Maktaba. Alifikiri: kama vituo vyote vya Mikogoni vitausoma, Agizo Namba Tisa na liishi milele.

Majibu yalirudi baada ya miezi mitano. Ukurasa umepokelewa. Tunu akafungua Maktaba kwenye kompyuta ya kituo, akautafuta, akaubonyeza. Kiooni ukatokea utepe mwekundu uliochorwa vizuri, na maneno haya: "Waraka huu haujazinduliwa. Tunathamini uvumilivu wako." Chini ya maneno kulikuwa na picha ya Profesa Kitunzi anatabasamu.

*

Pengine angevumilia kama wenzake, lakini wakati huo huo binti yake alikuwa na mimba.

Siwema alikuwa mtoto wake pekee, ameolewa Ukingoni, mwendo wa saa tisa kwa barabara ya mawe. Mimba ya kwanza alijifungulia Bondeni, akavuja damu kama bomba lililopasuka, na mama yake alimkanda tumbo kwa mikono yake mwenyewe huku analia na kumtukana asife. Hii ilikuwa ya pili. Aliyevuja mara ya kwanza huvuja na ya pili, hilo Tunu hakuhitaji kuambiwa na maktaba. Presha ya Siwema ilikuwa imepanda, na tabibu wa Ukingoni alikuwa amemkataza safari.

Tunu aliomba likizo aende akakae naye. Akanyimwa. Barua ilieleza kwamba yeye ni mwandishi wa waraka unaotarajiwa kuzinduliwa, na kwa mujibu wa itifaki, mwandishi hukabidhiwa ua na mgeni rasmi, kwa hiyo asitoke nje ya mkoa.

Basi akafanya ambacho mama yeyote angefanya. Akaupiga picha ukurasa, akaituma kwa simu kwa Nesi Faraja, muuguzi wa zamu wa Ukingoni, akampigia.

"Nimeusoma mama, mpaka nauota," alisema Faraja. "Mimi niko tayari. Tatizo ni huyu Bwana Zakayo wa dawa. Nimemwonyesha. Anasema picha ya simu si waraka. Mpaka auone umefunguka kwenye Maktaba yenyewe, la sivyo kabati halifunguliwi bila cheti cha tabibu, na tabibu wetu siku mbili kwa wiki yuko kituo kingine."

"Nipe huyo Zakayo."

Zakayo alikuja kwenye simu na sauti ya upole ya mtu anayeona haya. "Shikamoo mama. Mama, usinifikirie vibaya. Nina watoto wanne na kazi moja. Utepe ukitoka tu, funguo hizi hapa."

Tunu alikata simu. Alijua kwamba Zakayo si mtu mbaya, na kwamba Mikogoni imejaa watu wasio wabaya wenye funguo kiunoni.

*

Akapanda gari akaenda mji mkuu, ambao ulikuwa ndani ya mkoa ule ule, kumwona Profesa.

"Shikamoo Profesa," alisema, maana cheo hudai chake. Profesa, ambaye Tunu alimzidi miaka isiyopungua tisa, akaitikia marahaba bila hata kupepesa.

"Sista, ukurasa wako ni mzuri," alisema. "Ni mfupi, lakini ni mzuri. Ila kuna sentensi moja imetuletea mtafaruku mkubwa. Hii. 'Atakayefika kwanza aanze.' Aanze nani?"

"Atakayefika."

"Naam, lakini wa cheo gani?"

"Mwenye mikono, Profesa."

Profesa alikohoa kidogo. "Chama cha Madaktari kimeuliza, na ni swali zito. Akifika muuguzi kwanza akaanza, daktari akija atafanya nini?"

"Atasaidia."

"Atasaidia," Profesa alirudia polepole, akavua miwani akaifuta. "Sista, hivi unajua mtu anasoma miaka mingapi ili asisaidie? Chama cha Wauguzi nacho kimeuliza, akifika mtu wa maabara kwanza? Wafamasia nao wamesema wao hawaletewi amri na ukurasa. Kamati imekaa vikao kumi na saba, ikapata maneno ya hekima. Sikiliza: 'Atakayefika kwanza amsubiri mkubwa wake, kisha waanze kwa pamoja.' Umeona? Hapo sasa kuna ushirikiano."

Tunu alihisi damu inampanda kichwani. "Profesa, mtu anavuja. Nusu saa ikipita unaita sanda. Nani anamsubiri nani? Wanawake kumi na mmoja nimewafumba macho mimi kwa sababu ya kumsubiri mkubwa!"

"Punguza sauti, Sista, hii ni maktaba."

"Binti yangu yuko Ukingoni. Zimebaki siku kumi na nane."

"Hongera sana."

"Toeni huo utepe. Si ni kubonyeza mara moja tu?"

Profesa alimtazama kwa huruma ambayo wasomi huwawekea watu wa vijijini. "Kubonyeza si kazi, Sista. Hata mtoto anabonyeza. Kazi ni kujua abonyeze nani."

Hata hivyo sentensi ya Tunu haikubadilishwa, na sababu yake ilikuwa ya aibu kidogo. Katika Maktaba nzima, baada ya miaka minne, ukurasa wa Tunu ndio waraka pekee uliokuwa na jambo la kusoma. Mengine yote yalikuwa hotuba za Profesa, picha za Profesa akitoa hotuba hizo, na hotuba za kumshukuru. Tunu alikataa kutia saini maneno ya kamati, na bila saini yake hakukuwa na cha kuzindua. Kwa hiyo Profesa akakubali uzinduliwe kama ulivyo, urekebishwe baadaye kimya kimya. Tarehe ikapangwa. Ikaahirishwa mara tatu. Ya nne ikaangukia siku ile ile aliyohesabiwa Siwema kujifungua. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Wahenga hawakuishi Mikogoni; wangejua kwamba huyaua kabisa.

*

Ukumbi ulijaa saa mbili asubuhi. Mgeni rasmi alikuwa Waziri wa Afya, Uzinduzi na Mambo Yanayofanana na Hayo, naye alitarajiwa saa nne. Saa nne ikafika, ikapita. Saa sita ikapita. Mshereheshaji, kijana wa sauti nene na viatu vyeupe, alikuwa anasimama kila nusu saa kutangaza kwamba mgeni rasmi yuko njiani, jambo ambalo kila mwana Mikogoni anajua maana yake ni kwamba bado anaoga.

Jukwaani paliwekwa kiti kikubwa chenye mto wa dhahabu kwa ajili yake, na mbele ya kiti kompyuta, na nyuma pazia jeupe ambalo lingeonyesha ukurasa mtu akibonyeza. Viti vya wenyeviti wa vyama vinne vya kitaaluma vilikuwa pembeni, vitupu. Hakuna mwenyekiti aliyekubali kukaa cha pili. Waliletewa meza ya duara ili pasiwe na cha kwanza, wakagombana nani aelekee mlango. Kwa hiyo walikuwa wamesimama wote wanne tangu asubuhi, hawaongei, wakijipepea kwa ratiba. Hao ndio viongozi wa ushirikiano.

Simu zote zilikuwa zimekusanywa mlangoni, zisije zikalia mgeni rasmi akihutubia. Tunu alikuwa ameacha moja kwenye sanduku na kuficha nyingine ndani ya nguo, mahali ambapo hakuna afisa itifaki anayethubutu kupapasa. Saa nane na dakika sita ilitetemeka.

"Mama," ilikuwa sauti ya Faraja, anahema. "Amejifungua salama, mtoto wa kike. Lakini damu haikati. Mama, inatoka nyingi."

Tunu alisimama. Hakujua kwamba amesimama. "Kanda tumbo!"

"Nakanda!"

"Tabibu yuko wapi?"

"Yuko kituo kingine, hapatikani. Maabara wamekuja, wanapima. Dripu nimeweka. Sindano, mama, sindano iko kabatini. Zakayo yuko hapa analia, ameshika funguo, anaangalia kompyuta. Bado kuna utepe."

Msomaji, sitakuficha, Tunu aliogopa. Aliogopa mpaka akataka kukaa chini sakafuni apige yowe kama wanawake wanavyopiga msibani. Lakini alikuwa mkunga, na mikono ya mkunga hutangulia akili. Alijikuta anatembea kuelekea jukwaani, simu sikioni.

Afisa itifaki akamzuia. "Mama, rudi ukakae. Ua utapewa mgeni rasmi akija."

"Amefika?"

"Yuko njiani."

"Basi mimi nimefika kwanza," alisema Tunu, akampiga kumbo la bega kama anavyosukuma vitanda, akapanda.

Mshereheshaji alikimbilia kipaza sauti. "Jamani itifaki! Itifaki!"

Tunu akamnyang'anya kipaza sauti. "Mheshimiwa mgeni rasmi ambaye hujafika," alisema, na sauti yake ikajaa ukumbi. "Waheshimiwa wenyeviti mlioshindwa hata kukaa. Itifaki mnayo nyinyi, izingatieni wenyewe. Mimi Tunu, mkunga wa Bondeni, nauzindua."

Akabonyeza.

Utepe ukakatika kwenye pazia jeupe, matarumbeta yaliyorekodiwa yakalia, na herufi kubwa zikajaa ukuta: ATAKAYEFIKA KWANZA AANZE. Wauguzi waliokaa nyuma wakapiga vigelegele kabla hawajakumbuka kwamba wana kazi za kupoteza. Profesa alishika kichwa kwa mikono miwili. Wenyeviti wanne, kwa mara ya kwanza katika historia ya taifa, walisema jambo moja kwa pamoja: walisema akamatwe.

Tunu hakuwasikia. Alikuwa ameziba sikio moja kwa kidole, na kwa lingine alisikia Faraja anapiga kelele, "Umefunguka, Zakayo, umefunguka!" Akasikia funguo. Akasikia mlango wa kabati. Halafu hakusikia kitu kwa muda ambao hata leo hajui ulikuwa wa urefu gani, na watu wakawa wanamvuta kanga, naye hatikisiki.

"Mama," alisema Faraja. "Damu imekata. Anaomba maji. Mama, unanisikia? Anauliza kwa nini unapiga kelele ukumbini."

Hapo Tunu alishusha simu. Alihitaji kukaa, na kiti kilichokuwa karibu kilikuwa kile chenye mto wa dhahabu. Akakaa, akalia kwa sauti, akajifuta kamasi kwa kitambaa cha meza ya Waziri. Ukumbi ukapigwa na butwaa, maana kuzindua bila cheo ni kosa, lakini kukalia kiti cha mgeni rasmi hata sheria ilikuwa haijakufikiria.

*

Waziri alifika saa tisa kasoro. Walipomnong'oneza yaliyotokea, alisema neno la busara humo humo garini: "Ufungwe tena."

Mafundi wakaufunga utepe upya. Tangu Tunu abonyeze mpaka hapo zilikuwa zimepita dakika hamsini na tatu, na katika dakika hizo vituo mia moja na sita viliufungua ukurasa. Watu walinakili kwa kalamu, mbio mbio, nyuma ya kadi za kliniki na kwenye viganja vya mikono. Kisha utepe ukarudi, Waziri akabonyeza, matarumbeta yakalia mara ya pili, na watu wakapiga makofi kwa mshangao ulioagizwa.

"Leo," alisema Waziri, "tumeandika historia. Kuanzia dakika hii, na si dakika moja kabla yake, mama wa Mikogoni hatavuja tena bila utaratibu."

Tunu hakupewa ua. Alisimamishwa kazi miezi mitatu kwa makosa matatu: kuzindua bila cheo, kukaa bila cheo, na kulia mahali pasipo na ratiba ya kulia. Ukurasa wenyewe ulifanyiwa marekebisho wiki iliyofuata. Ukiufungua leo Maktabani utasoma kwamba atakayefika kwanza amsubiri mkubwa wake. Ila nasikia katika vituo vingi, ukifungua kabati la mashuka ukachungulia ndani ya mlango, utakuta karatasi ya mwandiko wa mkono inayosema vingine. Mimi sijachungulia.

Miezi mitatu ya adhabu Tunu aliimalizia Ukingoni, anamwogesha mjukuu.

*

Kamati ya Uchunguzi ilikaa, maana kulikuwa na jambo halijakaa sawa. Waraka ulizinduliwa na Waziri saa tisa na dakika mbili. Kabla ya hapo haukuwa waraka, na kisicho waraka hakiwezi kuokoa mtu. Lakini huko Ukingoni kulikuwa na taarifa ya mwanamke aliyeokolewa nao saa nane na robo. Wajumbe walilichambua tatizo hili siku sita, wakala kuku wengi, wakatoka na jibu moja tu linalolinda heshima ya nchi. Wakaandika kwamba Siwema alifariki.

Mwenyewe alipata habari hizo siku alipompeleka mtoto chanjo. Karani wa kliniki alifungua daftari la wilaya, akasoma, akavua kofia.

"Pole sana dada," alisema. "Kumbe mtoto ameondokewa na mama yake. Wewe ni nani yake?"

"Mimi ndiye mama yake."

Karani akasoma tena. "Hapana. Mama yake alifariki tarehe ile, saa nane na robo, kwa kuvuja damu. Kuna mhuri."

"Kaka, si unaniona?"

"Nakuona," alisema karani kwa upole, "lakini wewe huna mhuri."

Mtoto alichanjwa kama yatima, na Siwema akarudi nyumbani anacheka mpaka machozi. Tunu alipohadithiwa hakucheka. Alivaa viatu, akaenda ofisi ya wilaya, akasema maneno ambayo hayafai kuandikwa mahali watoto wanasoma. Siku ya tatu gari jeusi likaja Ukingoni, likasimama mbele ya nyumba, akashuka afisa itifaki kutoka Maktaba, yule yule aliyepigwa kumbo, ameshika bahasha kwa mikono miwili.

Siwema alikuwa barazani ananyonyesha. Tunu alikuwa pembeni anapepeta mchele, na alipomwona mgeni hakuacha kupepeta.

"Nina habari njema," alisema afisa. "Serikali imeguswa sana na msiba wako. Imeridhia urejeshwe kwenye orodha ya walio hai."

"Ahsante," alisema Siwema. "Basi andikeni, mje na huo mhuri."

"Ndiyo, ila haitakuwa kimya kimya hivyo. Utazinduliwa. Kutakuwa na sherehe uwanja wa wilaya, na Waziri mwenyewe ndiye mgeni rasmi. Utasimama katikati na utepe hapa, kifuani, yeye ataukata, na hapo utakuwa hai kisheria. Ufike saa moja asubuhi. Yeye tunamtarajia saa nne. Na mpaka siku hiyo, tunaomba usionekane onekane mabarabarani, maana inachanganya wananchi."

Tunu akaacha kupepeta. Siwema alimhamishia mtoto titi la pili, akamfunika vizuri, akamtazama afisa kuanzia viatu mpaka bahasha.

"Kaka yangu," alisema, "kamwambie Waziri mimi nimekufa. Maiti hasimamishwi juani kumsubiri mgeni rasmi."